Tathmini ya huduma ya kupima jeni za kinga: inawafaa kuku, haiwafai kobe

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya maabara inayopima jeni za kinga za kuku kutokana na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Mfugaji anatuma karatasi, maabara inapima urefu wa kipande kimoja cha DNA katika eneo la jeni za kinga liitwalo MHC, kisha inarudisha ripoti inayoonyesha kila kuku amerithi nini kwa jogoo na nini kwa mama yake. Kwa miaka mingi kazi ya namna hii ilifanywa ndani ya makampuni makubwa ya mbegu za kuku ya Ulaya na Marekani, na mfugaji wa Morogoro au Singida hakuwa na mlango wa kuingilia. Sasa mlango upo. Jina la maabara nitaliacha, kwa sababu ninayo malalamiko yangu juu yake, na kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu huduma zote za aina hii.

Nianze na hukumu, kwa faida ya msomaji mwenye haraka. Kwa mwenye kundi la uzalishaji la kuku, lenye namba za mabawa na kumbukumbu za uzazi zilizotunzwa vizuri, huduma hii ina thamani ya kweli. Kwa mfugaji mwenye kuku wachache wa kula na kuuza, haina, hasa ukizingatia kwamba bei ya kupima sampuli moja inazidi bei ya mtetea mzima sokoni. Na kwa ndege wa porini na reptilia, ambao tangazo la maabara linawaweka katika orodha moja na kuku bila kusita, ni fedha za kutupa. Sababu ya tofauti hiyo haiko katika mitambo ya maabara wala katika ujuzi wa watumishi wake. Iko katika jinsi jeni za kinga zilivyopangwa ndani ya miili ya wanyama hawa, na ndiyo maana nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya tathmini.

Kifurushi cha kuchukulia sampuli kinakuja katika bahasha ya kaki. Ndani yake kuna karatasi za kuhifadhia damu zenye miduara iliyochapwa, sindano fupi za kutobolea, pamba zilizolowekwa spiriti, vifuko vya plastiki na pakiti ndogo za chembe za kunyonya unyevu. Karatasi hizo zimetiwa kemikali zinazopasua seli na kuvidhoofisha vijidudu vingi, hivyo DNA hubaki salama katika joto la kawaida bila friji wala barafu. Mtu anayetuma sampuli kwa basi kutoka wilayani atalithamini jambo hili kuliko mengine yote, na hapa maabara inastahili sifa bila masharti.

Uchukuaji wa damu si mgumu kwa anayejua kumshika kuku. Unamlaza ubavu, unakunjua bawa, unanyonyoa manyoya machache yanayofunika kiwiko, unapangusa kwa spiriti hadi mshipa uonekane vizuri chini ya ngozi, unatoboa kidogo na kuigusisha karatasi, kisha unabana kwa pamba hadi damu ikome. Karatasi inakaushwa kivulini, mahali ambapo nzi hawafiki, kwa kuwa nzi akiachiwa nafasi atakula sampuli na kuhamisha damu ya kuku mmoja hadi kwenye mduara wa mwingine.

Kasoro ya kwanza iko katika kijikaratasi cha maelekezo, kinachomwambia mteja ajaze mduara wote. Maneno hayo yanafaa damu ya binadamu au ya ng'ombe. Seli nyekundu za damu za mamalia hupoteza kiini chake kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu, kwa hiyo DNA yote hutoka katika seli nyeupe, ambazo ni chache. Seli nyekundu za ndege na za reptilia zina kiini maisha yake yote, na karibu kila seli iliyomo katika tone inachangia DNA. Tone dogo lisilozidi punje ya mtama linatosha na kubaki. Mduara uliojaa hadi kupenya upande wa pili huchelewa kukauka, na wingi wa DNA pamoja na mabaki ya damu huweza kuizuia PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, isifanye kazi. Sampuli zangu zilizorudi na alama ya "haikusomeka" zote zilikuwa zile zilizojazwa kwa utiifu kama maelekezo yalivyotaka. Maabara ilikubali kuzirudia bila malipo, jambo la kiungwana, lakini kijikaratasi bado kinasema vilevile.

Kinachopimwa kinaitwa LEI0258. Ni alama ya kijenetiki iliyomo ndani ya eneo la B la MHC, katika kromosomu ya 16 ya kuku, mahali ambapo DNA inarudiarudia vifungu vifupi vya herufi 13 na vya herufi 12 za DNA, ziitwazo besi, na idadi ya marudio hayo hutofautiana kati ya kuku na kuku. Maabara hukuza sehemu hiyo kwa PCR na kupima urefu wake, na urefu uliokwisha kuonekana katika kuku wa sehemu mbalimbali za dunia huanzia karibu jozi 180 za besi hadi karibu 550. Alama yenyewe haifanyi kazi yoyote ya kinga. Umuhimu wake ni kwamba imekaa katikati ya jeni zinazofanya kazi hiyo, tena jeni zilizobanana kiasi kwamba kwa kawaida hurithiwa pamoja kama fungu moja, na fungu hilo ndilo wataalamu wanaloliita haplotaipu. Ukijua urefu wa alama, unapata fununu ya fungu zima.

Kabla ya DNA kuwa rahisi kusoma, fungu hilo lilitambuliwa kwa damu. Kundi la damu la B la kuku lilielezwa na mtafiti Briles na wenzake mwaka 1950, na mwaka 1961 watafiti Schierman na Nordskog wakaonyesha kwamba kundi hilohilo ndilo linaloamua kama kuku atakipokea au atakikataa kipande cha ngozi kilichopandikizwa kutoka kwa kuku mwingine. Makampuni ya mbegu yalikuwa na chupa za kingamwili maalumu zilizoigandisha damu ya haplotaipu moja na kuiacha ya nyingine. Chupa hizo zilikuwa adimu, na kila maabara ilikuwa na zake. LEI0258 iliondoa utegemezi huo, kwa kuwa kinachohitajika ni vianzio vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, ambavyo maabara yoyote inaweza kuviagiza, na hapo ndipo bei ilipoanza kufikika kwa watu kama sisi.

Kwa nini urefu wa kipande kimoja uwe na maana yoyote kwa afya ya kuku? Protini za MHC za daraja la kwanza hukaa juu ya ngozi ya seli zikiwa zimeshika vipande vya protini vilivyokatwakatwa ndani ya seli hiyo, kama mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake zote mkekani ili mgambo akague. Seli T za kinga hupita na kukagua, na zikiona kipande cha virusi, seli hiyo huuawa kabla virusi havijazaana zaidi. Ila kila aina ya protini ya MHC ina umbo lake, na hushika vipande vya aina fulani tu. Virusi ambavyo vipande vyake havishikiki hupita bila kuonekana. Ndiyo sababu jeni za MHC zimetofautiana mno katika karibu kila mnyama mwenye uti wa mgongo aliyechunguzwa: kundi lenye aina nyingi lina uwezekano mkubwa zaidi kwamba baadhi ya wanyama wake watakitambua kirusi kipya kitakapoingia.

Binadamu ana jeni tatu kuu za daraja la kwanza zinazofanya kazi hiyo kwa nguvu, na eneo lake lote la MHC lina urefu wa takriban jozi milioni 4 za besi na jeni zaidi ya 200. Kuku ni kinyume chake. Mwaka 1999 kundi la mtafiti Jim Kaufman lilichapisha mfuatano wa eneo kuu la MHC ya kuku, nalo likaonekana kuwa na jozi 92,000 tu za besi na jeni 19, hata wakaiita MHC ya mambo ya lazima peke yake. Jeni za daraja la kwanza ni mbili, BF1 na BF2, na BF2 ndiyo inayofanya kazi kubwa. Katikati ya hizo mbili zimo jeni za TAP, zinazosafirisha vipande vya protini hadi pale MHC inapovipokea, na kwa kuwa hurithiwa pamoja, TAP ya kila haplotaipu imezoeana na BF2 ya haplotaipu ileile.

Matokeo yake ni makubwa kwa mfugaji. Mnyama mwenye jeni kadhaa za kazi hiyohiyo hupata nafasi nyingine pale moja inaposhindwa. Kuku hutegemea hasa BF2 aliyopata kwa baba na BF2 aliyopata kwa mama. Kama zote mbili hazishiki vipande vya kirusi fulani, hana pa kukimbilia. Hivyo kwa kuku haplotaipu moja inaweza kuonyesha wazi tofauti kati ya kupona na kufa, kwa namna ambayo ni nadra kuonekana kwa binadamu. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mahepe, yaani ugonjwa wa Marek, uliopewa jina la daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeuelezea mwaka 1907. Kuku wenye haplotaipu ya B21 huustahimili ugonjwa huo vizuri sana, na wale wa B19 hupooza miguu na kupata uvimbe kwa wingi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba BF2 ya B21 hushika vipande vya maumbo mengi tofauti, ingawa huonekana kwa uchache juu ya seli, wakati zile za haplotaipu dhaifu zinaelekea kuchagua zaidi na kujazana zaidi. Hata chanjo za mahepe hazikingi sawasawa kuku wa haplotaipu tofauti, jambo ambalo mfugaji anayelalamika kwamba "chanjo ni feki" hana njia ya kulijua bila kipimo kama hiki.

Sasa ripoti yenyewe. Inakuja kama jedwali, kila kuku kwa namba yake ya bawa, na mbele yake namba mbili: urefu wa kipande alichorithi upande mmoja na wa kile cha upande wa pili. Namba zikilingana, kuku amepata fungu la aina moja pande zote. Katika kundi langu la Kuchi, aina ya kuku wa asili, lililozaliana kwa vizazi kadhaa kutokana na majogoo wachache niliowapenda kwa urefu wa miguu na uzito, safu za namba zinazolingana zilikuwa nyingi kupita nilivyotarajia. Kuku wa Ching'wekwe, waliokusanywa kwa jirani mbalimbali na wasiochaguliwa kwa lolote, walikuwa na mchanganyiko mkubwa. Habari hiyo pekee ililipa gharama. Kwa jicho huwezi kuona kwamba jogoo wawili warefu, wenye rangi mbili tofauti, wamebeba fungu lilelile la kinga, na kwamba kuwapandisha kwa matetea wale wale ni kuzidi kulibana kundi.

Lakini jedwali lina safu ya tatu, na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa. Mbele ya kila urefu maabara imeandika jina la haplotaipu, na mbele ya urefu wa 357 imeandika "B21" kwa herufi nzito, pamoja na maneno kwamba kuku huyo ni "sugu kwa Marek". Uhusiano kati ya 357 na B21 ulithibitishwa katika koo za kuku za maabara na za makampuni, ambazo haplotaipu zake zilikwisha kujulikana kwa damu. Kwa kuku wa asili wa Afrika, waliochanganyika kwa karne nyingi na ambao mafungu yao yamekatika na kuunganika upya, urefu uleule unaweza kukaa karibu na jeni tofauti. Zipo pia haplotaipu zinazojulikana ambazo hushiriki urefu mmoja. Kuita kuku wa Kuchi B21 kwa namba hiyo peke yake ni kukisia, na kukisia kulikoandikwa kwa herufi nzito katika ripoti yenye muhuri humfanya mfugaji auze vifaranga kwa bei ya usugu ambao hakuna aliyeuthibitisha. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba programu ndiyo inayojaza safu hiyo yenyewe. Jibu hilo halitoshi.

Dawa ya tatizo hilo ipo. Mwaka 2016 mtafiti Janet Fulton na wenzake walichapisha kipimo kinachosoma herufi moja moja katika sehemu 90 zilizotawanyika ndani ya eneo la B, lenye urefu wa takriban jozi 210,000 za besi, na kwa njia hiyo unaona pale fungu lilipokatika na kuunganishwa na jingine. Kipimo hicho kilionyesha kwamba kukatika huko hutokea zaidi ya ilivyodhaniwa. Maabara inayotoa jina la haplotaipu kwa kuku wa asili ingepaswa kutumia kipimo cha namna hiyo, au iache safu ya tatu wazi na kumpa mteja urefu peke yake.

Swali ambalo kila mfugaji wa kwetu huuliza kabla ya mahepe ni la mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, na tangazo linalijua hilo, maana picha yake kubwa ni ya kuku aliyepinda shingo. Hapa pana ukweli nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha mwaka 2008 uchunguzi uliolinganisha vipande vya LEI0258 na kiwango cha kingamwili baada ya chanjo ya mdondo, pamoja na uzito, kwa kuku wa Kuchi na wa kundi jingine la kuku wa asili liitwalo Medium, na wakapata kwamba baadhi ya urefu unaambatana na mwitikio mkubwa zaidi wa kingamwili. Baadaye, katika mradi uliowahusisha watafiti wa Marekani, Ghana na Tanzania, kuku wa asili wa Ghana na Tanzania waliwekwa mahali ambapo mdondo mkali ungewafikia kwa njia ya kawaida, na ikaonekana kwamba tofauti katika muda wa kustahimili kabla ya kufa hurithiwa kwa kiasi fulani. Kurithiwa huko, hata hivyo, kunatokana na jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo, zilizotawanyika katika kromosomu mbalimbali. LEI0258 inaangalia mahali pamoja tu. Anayechagua majogoo kwa namba hizi huku akiacha kuchanja kundi lake kila baada ya miezi mitatu atazika kuku wenye ripoti nzuri sana.

Upo pia upande mzima wa kinga ambao huduma haiugusi wala haisemi kwamba haiugusi. Kabla MHC na seli T hazijaingia kazini, mwili hutegemea vipokezi vinavyotambua alama za jumla za vijidudu. Miongoni mwake ni vipokezi vya TLR, na katika hivyo TLR15 hupatikana kwa ndege na reptilia wala haijapatikana kwa mamalia. Kuku hana TLR9, inayotambua DNA ya bakteria kwetu sisi, na kazi hiyo kwake inafanywa na TLR21. Kuku hana pia jeni ya RIG-I, inayohisi RNA ya virusi ndani ya seli. Bata anayo, na watafiti walioonyesha jambo hilo mwaka 2010 waliihusisha na uwezo wa bata wa kubeba virusi vingi vya mafua ya ndege bila kuugua, wakati kuku wa banda la jirani wanakufa. Mfugaji anayefuga bata na kuku pamoja angefaidika kujua hilo kuliko kujua urefu wa LEI0258 ya jogoo wake.

Ndipo tunafika kwenye sentensi ya tangazo isemayo kwamba huduma ni "kwa kuku, bata, ndege wote na reptilia". Mwenzangu mmoja anayetunza kobe kwa kibali aliisoma, akaomba daktari wa mifugo amchukulie damu, akatuma karatasi pamoja na zangu. Ripoti ilirudi ikiwa na mistari mitupu mbele ya kila kobe, na ankara ikiwa kamili. Hoja ya maabara ilikuwa kwamba kazi ilifanyika, zao la PCR tu ndilo halikupatikana. Kwa mtu anayejua jinsi kipimo kilivyotengenezwa, zao lisingeweza kutarajiwa: vianzio vya LEI0258 vilibuniwa kufuata DNA ya kuku, na hakuna sababu yoyote ya kuamini kwamba kobe ana marudio hayo mahali hapo.

Tatizo halitatuliwi kwa kubadilisha vianzio tu. Ubanaji wa jeni za kuku ndio uliowezesha kipande kimoja kuliwakilisha fungu zima, na wanyama wengi wa jamii hizi hawana ubanaji huo. Chukua ndege mdogo wa mateteni, Acrocephalus schoenobaenus, anayezaliana Ulaya na kuja kwetu Afrika Mashariki kipindi cha baridi ya huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulimkuta ndege mmoja na hadi aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni, 65 za MHC daraja la kwanza, kwa sababu jeni hizo zimejinakili mara nyingi katika ukoo wake. Nakala hizo zinafanana kiasi kwamba vianzio vilevile huzishika nyingi kwa mpigo, na bila kusoma mfuatano wa kila moja huwezi kujua ipi ni ya mahali gani, wala ipi inafanya kazi na ipi imekufa. Ripoti ya namba mbili kwa ndege kama huyo haiwezi kuwa na maana hata kama ingejazwa.

Mfano wa karibu zaidi na pwani yetu ni ndugu yake wa Shelisheli, Acrocephalus sechellensis. Katika miaka ya 1960 walibaki chini ya 30, wote katika kisiwa kidogo cha Cousin, kabla ya hifadhi kuwaongeza na kuwahamishia visiwa vingine. Kwa kupita katika tundu hilo jembamba walipoteza sehemu kubwa ya utofauti wa jeni zao, zikiwamo za MHC, na hata hivyo utofauti kidogo uliobaki una athari: aleli moja, iliyopewa jina la Ase-ua4, imehusishwa na kuishi zaidi kwa wanaoibeba. Habari hiyo ilipatikana kwa kuwafuatilia ndege mmoja mmoja kwa miaka mingi, wakiwa na pete miguuni, na kulinganisha jeni na maisha. Huo ndio msingi ambao kipimo cha bahasha hakina.

Kwa reptilia kazi ni ngumu zaidi, ingawa si kwamba haijafanyika. Nchini Sweden, mwaka 2003, mijusi wa mchangani majike walionyesha kuipendelea harufu ya madume waliotofautiana nao zaidi katika MHC daraja la kwanza. Tuatara wa New Zealand, mnyama wa pekee aliyebaki wa kundi lake na ambaye hafai kuitwa mjusi ingawa anafanana naye, amechunguzwa kisiwa kwa kisiwa: wale wa kisiwa cha Stephens wana aleli nyingi, na wale wa kisiwa kidogo cha North Brother wana chache mno. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2020 ilionekana kuwa na takriban bilioni 5 za besi, kubwa kuliko ya binadamu, na imejaa marudio. Kasa wa Cabo Verde na mamba wa maji chumvi wa Australia nao wamechunguzwa. Katika kila mfano watafiti walilazimika kutengeneza vianzio vya mnyama huyohuyo na kutafuta kwanza ana nakala ngapi. Aliyeandika tangazo amelifunika neno "reptilia" juu ya kazi ya miaka.

Kuna na upande wa sheria, ambao maabara haiutaji popote. Damu ya kobe, kinyonga au mamba si sawa na damu ya kuku. Aina nyingi za wanyama hao zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na sampuli yake ikivuka mpaka inahitaji kibali kama anavyohitaji mnyama mwenyewe. Hapa Tanzania utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Mteja anayetumbukiza karatasi ya damu ya kobe katika bahasha na kuipeleka nchi jirani kwa basi anaweza kujikuta na kesi.

Katika mambo ya kawaida ya huduma, maabara inajitahidi. Simu inapokelewa, majibu yalichelewa kidogo kuliko ahadi, na makosa ya namba za mabawa yalirekebishwa siku hiyohiyo. Kwa ombi walinipa grafu za mashine, ambazo zina thamani kuliko ripoti: unaona kilele kimoja kirefu cha kuku mwenye fungu la aina moja, au vilele viwili, na kile cha kipande kirefu mara nyingi kikiwa kifupi zaidi kwa kuwa PCR hupendelea vipande vifupi. Kuku wangu mmoja aliyeandikwa kuwa na urefu mmoja alikuwa na kilele cha pili kidogo kilichopuuzwa na programu, na walipokirudia kipimo kikathibitika.

Kwa hiyo anayeagiza aombe faili za grafu kwa maandishi kabla ya kulipa, atake safu ya majina ya haplotaipu iondolewe au ithibitishwe kwa kipimo cha herufi moja moja, na atume kwanza majogoo wote na sehemu tu ya matetea, kwa kuwa jogoo mmoja husambaza fungu lake kwa vifaranga wengi kuliko mtetea yeyote. Tone la damu liwe dogo, na karatasi ikauke usiku kucha kabla ya kufungwa. Mwenye bata aulize kwanza kama wana vianzio vya bata. Mwenye kobe atafute chuo chenye mradi wa reptilia, aende na kibali chake mkononi, na bahasha ya kaki aiache kwa wenye kuku.